Mechi ni saa ngapi?

Jumamosi moja mwezi wa tatu nilikuwa nimesimama pembeni mwa uwanja wa raga, viatu vimezama kwa matope, sauti imekwisha, na mkononi nimeshika kikombe cha chai. Chai haikuwa yangu. Mama mmoja aliyesimama karibu nami aliniona natetemeka na zile manyunyu akanimiminia kutoka kwa flaski yake bila ata kuniuliza jina. "Kunywa baba, utagonjeka." Nikakunywa. Ilikuwa na tangawizi.

Mechi ya mashule. Shule yangu ya zamani na wale wengine. Sitataja ni gani, wenye kujua mshajua, na usiyejua haitakusaidia kitu.

Kipindi cha pili, namba 15 wao, yule beki wa mwisho, kijana mwembamba ivi, jezi inampwaya, akaenda chini ya mpira wa juu. Vijana wetu wawili walikuwa wanakuja mbio. Na mimi, baba ya watoto watatu, mzee wa kanisa, mtu ambaye Jumapili husimama mbele na kapu la sadaka, nikafungua mdomo na chai ndani nikapiga kelele:

"Mzike huyo!"

Akadaka, akatua, wakamfikia pamoja.

Wakamzika.

Takolo ilikuwa safi, refa ata hakupuliza. Ni kichwa tu kilivyokutana na ardhi. Upande wetu ulilipuka, wasee wanarukaruka, skafu juu, na katikati ya hiyo furaha nikamwona yule mama akifunga kifuniko cha flaski. Alikifunga polepole, akakaza vizuri, akaiweka chini kwa matope, alafu akaingia uwanjani anatembea.

Msichana wa huduma ya kwanza alikuwa ameshafika. Kijana alikuwa ameamka, anasema niko sawa, niko sawa, anamsukuma mkono. Msichana, ambaye nadhani ata miaka 25 hajafika, alimshika jezi kifuani akamwambia, "Umetoka. Leo hurudi." Kijana akaanza kulia. Nyuma yangu kuna mzee mwenzangu akapiga kelele, "Mtoto wa mama!" na watu wakacheka. Nafikiri nilicheka pia. Kusema kweli nilicheka.

Baada ya kama dakika kumi mama akarudi kuchukua flaski yake. Nikampa kikombe. Akakifuta na kitambaa.

"Asante," akaniambia.

## Wiki tatu

Nilidhani ile "asante" ndiyo inanisumbua. Nikajaribu kuandika juu ya wazee kama sisi, wenye matumbo, tunaotukana watoto wa watu kila mwaka kisha tunaenda kukula nyama. Niliandika kurasa mbili nikazifuta. Ilikuwa kweli yote na ilikuwa uongo, ju nikiisoma naona nimejipaka rangi ya mtu aliyetubu, na mechi ijayo najua ntakuwa pale pale napiga kelele zile zile, labda sasa nikiangalia kwanza kulia na kushoto kama kuna mtu na flaski.

Kilichonisumbua kilikuwa kidogo kuliko hiyo. Ilikuwa "niko sawa, niko sawa". Nilikuwa nimeyaskia hayo maneno mahali, na si kwa sauti ya huyo mtoto. Nikioga yanakuja. Nikiwa kwa jam pale Ngong Road yanakuja.

## Ugomvi wa kurithi

Acha nitoke kidogo kabla nirudi, ju hii kitu iko na mizizi.

Raga ya Kenya ilianza bila sisi. Mechi ya kwanza inayojulikana ilichezwa 1909, na kwa miaka mingi ikabaki mchezo wa watu waliokuja na meli. Ata Enterprise Cup, kombe kuukuu kabisa la vilabu, jina lake ni la manowari ya Waingereza, HMS Enterprise.

Mashule ni vilevile. Nairobi School, Patch, ilikuwa Prince of Wales School, wakahamia pale Kabete 1931. Lenana ilikuwa Duke of York, ikafunguliwa 1949. Hebu angalia hayo majina. Kwa ile familia ya kifalme, Prince of Wales ni cheo cha kifungua mimba na Duke of York kwa kawaida hupewa mdogo wake. Kwa hivyo mtu alikaa ofisini akaamua kuzipa shule mbili vyeo vya kaka na ndugu yake, za watoto weupe peke yao, wapigane vizuri Jumamosi. Alafu uhuru ukaja, majina yakabadilishwa, moja ikapewa jina la laiboni wa Wamaasai, madarasa yakajaa watoto wa Murang'a na Siaya na Machakos na Taita, na hao watoto wakachukuana mashati na hasira ile ile kana kwamba waliachiwa kwa wosia.

Wangerithi mashamba walau.

Lakini sitaki nicheke sana, ju kuna kitu kiligeuzwa hapo. 1977 wanafunzi wa University of Nairobi waliunda timu ya Mean Machine na wakabeba Kenya Cup, ligi kuu ya vilabu, msimu wao wa kwanza. Msimu wa kwanza! Hao vijana walikuwa wamejifunzia raga wapi? Ni kwa hizi mechi za shule, uwanja wa mteremko, goli moja limeinama. Na sisi wa Nairobi tukaendelea kudhani raga ni yetu, tunazungumza Prescott Cup, kombe la mashule, kama vile ni mtihani wa taifa, mpaka watu wa magharibi ya Kenya wakaja. Benjamin Ayimba alisoma Maseno. Collins Injera ni Vihiga. Wakati Kenya inachapa Fiji 30–7 kwa fainali ya raga ya wachezaji saba kule Singapore 2016, Ayimba ndiye kocha, Injera yuko uwanjani, na mwaka huo huo klabu ya Kabras wakapeleka Kenya Cup Kakamega mara yao ya kwanza. Nenda uwaambie watu wa Kakamega High na Musingu kuwa uhasama wa kweli uko Nairobi. Utarudi kwa miguu.

Wazee wa A-level nao watakuambia hii yote ni mchezo wa watoto, ati raga ya shule ilikufa siku Form Six ilipoondolewa, wakati wanaume wenye ndevu walikuwa wanacheza wakiwa na miaka ishirini. Darasa la mwisho la A-level lilifanya mtihani 1989. Mjomba wangu alikuwa wa karibu na hapo na mpaka leo akiona mechi ya shule anauliza, "Hawa ni wa primary?"

Na si sisi tu. Mapadri wa Holy Ghost waliofungua St. Mary's hapa Nairobi ni shirika lile lile la Blackrock College ya Dublin, na kama umewahi kwenda Blackrock Festival, yale mashindano ya raga pale Saints, ndiyo hiyo St. Mary's, ukajiuliza hilo jina limetoka wapi, basi. Kule Ireland mashule yanagombania kombe la Leinster tangu 1887, na la Ulster kule kaskazini tangu 1876, na hiyo ya Ulster fainali yake kwa kawaida ni tarehe 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick. Usiku mmoja nilikaa naangalia moja kwa simu, wazee wa miaka sabini na skafu za rangi ya shule, mmoja analia. Nikamwonyesha mke wangu. Akaniuliza, "Huyo ni wewe?"

## Trela

Sasa turudi.

1998. Nilikuwa Form Four, namba mbili, katikati ya mstari wa mbele wa skramu, lile fungu la kusukumana. Kulia kwangu, namba tatu, alikuwa jamaa tuliyemwita Trela. Kilo karibu mia, mpole ajabu, mtu wa kugawia mamono, wale wageni wa Form One, mkate wake. El Niño ilikuwa imemwaga maji tangu mwaka uliopita na barabara zilikuwa zimekatika kila mahali, na uwanja haukuwa uwanja tena, ilikuwa shamba la mpunga lenye magoli.

Mechi ya kombe, na wale wengine. Walikuwa mbele 10–8. Katikati ya kipindi cha pili watu walirundikana juu ya mpira, na rundo lilipofunguka Trela alikuwa chini, uso kwa matope. Tukamgeuza. Ikaletwa ile ndoo ya maji na sponji, dawa ya kila kitu siku hizo, mguu umevunjika ni sponji, meno yametoka ni sponji. Akaamka. Akasema niko sawa, niko sawa.

Akarudi kwa skramu. Dakika tano za mwisho tukapata lainiauti, mpira wa kurushwa kutoka pembeni, karibu na mstari wao, tukadaka, tukamfunika Trela na mpira tukasukuma, tope inapanda mpaka magoti, na akaanguka nao ndani. Trai, pointi tano. 13–10. Shule nzima ikaingia uwanjani.

Kwa basi la kurudi tunaimba, tunapiga mabati, nafikiri tulikuwa tumepita Dagoretti Corner, Trela akanishika mkono akaniuliza:

"Mechi ni saa ngapi?"

Basi zima lilicheka mpaka dereva akasimamisha.

Hiyo ndiyo hadithi. Kila Disemba tukikutana kuna mtu lazima ataipiga, mechi ni saa ngapi, na tunaanguka. Iko kwa fulana tulizochapisha za miaka ishirini. Ni jina la grupu yetu ya WhatsApp. Trela mwenyewe hucheka kuliko wote, ju ni yake, amekuwa akiibeba kama kikombe. Na mpaka leo hakumbuki kitu. Si trai, si matope, si asubuhi ya hiyo siku. Anachojua kuhusu saa kubwa ya maisha yake ya shule ni kile sisi tumemwambia.

Sasa umeona nilikuwa nimeyaskia wapi yale maneno.

## Namba saba

Wao walikuwa na namba saba mmoja, mrefu, mkimya, aliyenisumbua miaka miwili. Tangu tumalize shule huwa tunaonana mara moja kwa mwaka, kila mtu upande wake wa uwanja, tunasalimiana kwa nyusi. Zaidi ya miaka 25 ya nyusi. Sijui kwa nini nilimtafuta yeye badala ya mmoja wetu. Labda ni kwa sababu wetu wote ningewaskia wakinipigia ile ile ya basi.

Nikapata namba yake kwa mweka hazina wao. Nikamtumia meseji, akajibu na neno moja, "Kenyatta." Kenyatta Market, nyama.

"Namba mbili," akasema nilipokaa.

"Namba saba."

Tukaagiza kilo moja. Tukaongea siasa, karo, magoti. Magoti yake yameisha kabisa. Alafu nikamweleza ile ya mama na flaski, na nikamwuliza kama anakumbuka mechi ya '98. Nilikuwa tayari anipe ile ya refa aliwaibia, ju wao kwa miaka yote husema refa aliwaibia.

Akaacha kukula.

"Lilikuwa goti langu," akasema. "Sikukusudia. Lakini lilikuwa langu."

Nikasema hayo ni ya raga, mzee, yashapita.

"Mimi ndiye niliita refa. Nilimwambia huyu jamaa ameenda, macho yake hayako hapa. Refa akaja akamchuchumalia, akamwuliza leo ni siku gani. Akasema Jumapili."

Nikacheka kidogo. Hiyo sikuwa nimewahi kuiskia, nikaona ni nyongeza tamu, ntaipeleka Disemba.

"Ndio ivyo ulicheka ata hiyo siku," akasema. Hakuwa na ukali, alikuwa anageuza nyama kwa ubao. "Ukamwambia refa, anakuchezea huyo sir, ni mzaha wake, huyo hutania mpaka prinsipo. Ukamshika Trela mkono ukamwinua. Refa akakuangalia, akamwangalia, akapuliza."

Nikamwambia sikumbuki hiyo.

"Najua. Nyinyi mlishinda."

Kulikuwa na kelele sokoni, mtu anakata mifupa, redio ya jirani, na nikawa najaribu kuiskia sauti yangu ya miaka 17 ikisema sir. Na shida ni kwamba niliiskia. Sijui kama niliikumbuka au niliitengeneza hapo hapo kwa maneno yake, kichwa kinafanya hivyo, kinakupa picha ukikiomba. Lakini Trela kweli alikuwa wa kutania prinsipo. Namba saba angejuaje hiyo kama si mimi niliyeisema?

Kwa hadithi yetu, Trela aliamka mwenyewe. Simba aliamka. Ndivyo nimeisimulia kwa harusi yake mbele ya mama yake.

"Kila mwaka nikija," akasema namba saba, "naangalia upande wenu kama yuko. Nikimwona amesimama, anacheka, basi. Mimi naenda nyumbani sawa. Kuna mwaka hakuja. Nilitafuta nani nimwulize nikakosa, ningeanzia wapi?"

Huo mwaka Trela alikuwa amehamia Eldoret, ni hayo tu, duka la spea. Mtu wa upande wa adui aliumwa tumbo na wasiwasi msimu mzima na sisi hatukuona kama hayuko mpaka Disemba.

## Nisichotaka kuandika

Najua inavyotarajiwa niseme hapa. Kwamba uhasama ni mbaya, mashule yaache, tushikane mikono. Siwezi, ju sioni hivyo. Bila hao wengine sina shahidi. Rafiki zangu wote kumi na nne waliokuwa ndani ya hiyo jezi waliniachia hadithi tamu, na mtu mmoja tu alibaki na ile mechi venye ilikuwa, na alikuwa amevaa rangi ingine. Kama tungekuwa tunacheza tu kirafiki, watu hawajaliani, angekumbuka kwa nini?

Lakini pia ni huo huo uhasama uliofungua mdomo wangu mbele ya refa. Hayo mawili nimejaribu kuyatenganisha wiki nzima yamekataa.

Leo sheria ya raga ya shule iko wazi, mchezaji akishukiwa tu kuwa ameumia kichwa anatoka na harudi hiyo mechi, na kwa mtoto ni wiki kadhaa nje. Sisi tulikuwa na sponji. Nimejiambia hivyo mara nyingi, kwamba enzi hizo hatukujua. Ni kweli hatukujua jina la kitu. Lakini refa alijua vya kutosha kuuliza siku, na namba saba, mtoto wa miaka 17 kama mimi, alijua vya kutosha kumwita. Kwa hivyo kujua kulikuwa hapo uwanjani, hatua mbili kutoka kwangu.

Trela hana shida ya kiafya ambayo mimi naijua. Anasahau majina ya watu, lakini nani hasahau. Kichwa humuuma akikaa kwa jua, lakini Eldoret jua gani. Naona sasa nimeanza kumhesabia kila kitu, na sina haki.

## Simu

Nilimpigia Alhamisi usiku. Nilikuwa nimetoka nje kwa gari ili watoto wasiskie, nimekaa giza kama mtu anamwibia mtu.

"Mheshimiwa!" akapokea. "Mechi ni saa ngapi?"

Nikacheka, ju ni desturi. Tukaulizana watoto. Shemeji alikuwa karibu, nikamskia akisema nisalimie. Alafu nikamwambia nilikutana na namba saba wao.

"Yule mrefu? Bado ana wivu?"

Nikamwambia aliniambia kitu kuhusu ile siku.

"Alisema niliifunga ama hakusema?"

"Ulifunga. Ata yeye anasema ulifunga."

"Sasa!" Akafurahi kabisa, nikaskia kiti kikilia, nafikiri alikuwa amekaa vizuri. "Basi nipigie yote. Ni kitambo hujanipigia yote."

Nimeisimulia hiyo mechi labda mara mia. Nikaanza kama kawaida, El Niño, basi kukwama kwa geti, prinsipo na mwavuli. 10–8. Trela anaitikia, eeh, eeh, venye huitikia, kama mtoto anayejua hadithi na anangoja sungura. Nikafika kwa rundo. Nikamwambia hapo ndipo uliumia, na lilikuwa goti la namba saba. Eeh. Nikamwambia namba saba ndiye aliita refa.

Hakuitika.

Nikaendelea, ju ningesimama singeweza tena. Refa alikuja akachuchumaa. Akakuuliza leo ni siku gani. Ukasema Jumapili. Na mimi nikacheka nikamwambia refa unamchezea. Nikakuinua. Ni mimi, Trela, hukuamka mwenyewe.

Simu ilikuwa kimya mpaka nikaiangalia kama imekatika. Dakika zilikuwa zinahesabu.

"Kwani," akasema, "ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi."